Mpaka Baba Aseme Amina

Kila Pasaka, marehemu mume wangu Révérien alituvutia karavani yetu kuukuu, kijumba chetu cha magurudumu, mpaka kwenye uwanja wa kambi kusini mwa Johannesburg, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia ndani mpaka yeye aseme Amina. Aliweka bakuli la maji sakafuni, akapiga magoti kulitazama, na maji yalipotulia sawa pande zote alilitamka neno hilo kwa sauti. Hapo binti yetu Bijou, aliyekuwa amekwisha kuvua viatu, aliruka ndani. Alipokuwa mdogo aliamini kwamba hata kanisani watu husema Amina ili jengo lisitikisike. Révérien hakumsahihisha. Alisema mtoto hajakosea sana.

Hii ni Pasaka ya pili tangu Bwana amwite. Ijumaa Kuu, baada ya ibada, niliondoka mtaani kwetu Rosettenville nimekaa mbele katika pikapu ya Burhani, karavani ikitufuata nyuma. Burhani ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, rafiki wa mume wangu tangu tulipofika nchi hii, na sasa ana spaza yake, duka dogo la mtaani, kule Diepsloot. Mwenye nyumba wangu alitaka karavani iondoke uani kwake. Bijou ameolewa na ana nafasi kwake, lakini alisema hawezi kuweka nyumbani kitu ambacho mtoto wake hatalala ndani yake salama. Basi tukapatana. Nikiisimamisha karavani vizuri, yeye na mtoto watakaa nami kambini mpaka Jumatatu, kisha ataichukua. Ikiyumba, Burhani ataivuta siku hiyo hiyo mpaka Diepsloot, aing'oe magurudumu na kuifanya jiko la kuuzia chipsi.

"Nakuombea kheri, shemeji," Burhani aliniambia njiani. "Lakini spana nimebeba."

Tulipofika, majani yalikuwa yameanza kuwa ya manjano, na mvua ya juzi ilikuwa imeiacha ardhi laini. Nilichagua mahali petu pa zamani, karibu na bomba, mbali na mikaratusi, kwa sababu Révérien aliogopa matawi yake. Bijou alikuja na gari lake, akashuka na kumbeba mwanawe Arnaud kifuani. Alinisalimu kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili. Ndivyo tunavyoishi tangu aanze shule.

Miaka yote ile sikuwahi kutazama kazi ya Révérien tangu mwanzo. Tukishafika tu, mimi nilikwenda kuwasha mkaa. Nilichokumbuka ni mlio wa hendeli, kre-kre-kre, akizunguka pembe zote nne na kuishusha ile miguu ya chuma. Kwa hiyo niliamini kwamba miguu ndiyo inayoinua. Nikamwambia Burhani aifungue karavani kutoka kwenye pikapu, nikachukua hendeli, nikaenda kwenye pembe iliyolala chini zaidi, nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Ikaanza kupanda kweli. Nikamshukuru Mungu mapema mno.

Mguu ulizama kwenye udongo. Karavani ikarudi chini kwa mlio mzito, magurudumu yakasogea, na ndani birika likaanguka. Bijou akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto na kurudi nyuma. Akasema, taratibu, kwamba imetosha, kwamba nimejaribu. Burhani ana utani kwa kila jambo, ila hapo utani ulimwishia. Alikwenda kwenye pikapu na kuanza kupekua chini ya kiti, akitafuta spana.

Nilichukua bakuli nikaenda bombani kunawa tope. Niliomba kama ninavyoomba jikoni, bila maneno mengi. Bwana, sijui, nionyeshe. Sikusikia sauti yoyote. Nilichopata ni hasira ndogo ya zamani. Nilimkumbuka Révérien akija kila mwaka pale nilipokaa kupuliza moto, akisema, "Inuka, Mama Bijou," na kuchukua ubao niliokalia. Kila mwaka nililalamika. Kila mwaka chai yangu niliinywa nimesimama.

Aliuchukua ubao huo kabla ya mlio wa hendeli. Kabla hata ya injini kuzimwa.

Nilirudi mbio. Ubao ulikuwa bado kwenye sanduku la nyuma, umeungua ukingo mmoja. Nilimwomba Burhani aifunge tena karavani kwenye pikapu, nikaulaza ubao mbele ya gurudumu la upande ulioinama, akavuta polepole mpaka gurudumu likapanda na kukaa juu yake. Nikavuta breki ya mkono. Nikasukumia kabari mbele na nyuma ya magurudumu, zisiwe na nafasi ya kucheza. Hapo tu ndipo tulipoifungua. Kisha nikazungusha mkono wa lile gurudumu dogo la mbele, likainua pua ya karavani mpaka ikalingana na nyuma.

Miguu ikawa ya mwisho. Chini ya kila mguu niliweka kipande cha mbao ili usizame, nikaushusha mpaka uguse na kukaza, basi. Haikuwa na kazi ya kubeba. Kazi yake ilikuwa kuituliza nyumba ambayo tayari imesimama.

Burhani aliinama kutazama zile mbao. "Shemeji, unamkimbia tokoloshe?" akauliza, maana majirani zetu wengine huinua vitanda juu ya matofali ili yule pepo mfupi asiwafikie. Nilifurahi kusikia utani umerudi.

Nikaingia na bakuli, nikaliweka sakafuni, nikapiga magoti. Maji yalicheza kwanza. Nikangoja. Yakatulia, yakafuata mstari wa buluu wa bakuli pande zote. Lakini neno halikutoka. Lilikuwa neno lake, na sikujua kama ninaweza kulisema bila kulia.

Nilipoinua macho, Bijou alikuwa mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na yeye ni mtu mzima, hakuna wa kumzuia. Alikuwa amevua viatu, amesimama pekupeku kwenye majani yenye maji, mtoto kifuani.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "bado hujasema."

Nikasema Amina.

Alinipa Arnaud kwanza, kisha akapanda. Alitembea mpaka mwisho, pale kilipokuwa kitanda chake, akadunda mara moja kwa visigino kama zamani. Maji yakacheza kidogo, yakatulia. Akakaa, akafungua kitambaa cha kumbebea mtoto, akakiweka kando.

Burhani akarudisha spana chini ya kiti na kuuliza Jumatatu aje saa ngapi kutuvuta mpaka kwa Bijou.

"Baada ya chai, ba'mdogo," Bijou akamjibu. "Na utuletee hizo chipsi."

Pikapu ikaondoka bila mzigo. Niliwasha mkaa, nikateleka birika lililobonyea. Chai ilipoiva nilitafuta pa kukaa, kisha nikakumbuka ubao uko chini ya gurudumu. Nikainywa nimesimama.