Kandambili Kando ya Mfereji

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kandambili moja ya bluu imenasa kwenye tope kando ya mfereji. Mama mkwe wangu alikuwa ameshafika mbali, amebeba majani ya ng'ombe kichwani, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu. Alikuwa anakanyaga kokoto na wala hakuangalia chini. Niliiokota, nikaiosha, nikaiweka karibu na kigoda chake. Alipoiona aliivaa.

"Usimwambie mtu," akasema.

Ulikuwa msimu wa kahawa, mwaka 1994, hapa Uru. Nilikuwa na mwaka mmoja tangu niolewe na Jovin, mtoto wake wa mwisho, na kwa kuwa kwetu kihamba cha wazazi, yaani shamba na nyumba yake, hubaki kwa mtoto wa mwisho, niliishi na Mama Mektrida nyumba moja. Shule niliishia darasa la tano. Mbele za watu maneno yalinikauka, na yeye alikuwa mama wa kufagia tena pale nilipokwisha kufagia.

Kisha akaanza kupauka. Viganja vikawa vyeupe, macho yakaingia manjano kidogo, ulimi ukawa mwekundu na laini kama umepigwa pasi. Mtori, supu yetu ya ndizi, ukiwa wa moto ulimtoa machozi. Thadeus, mtoto wake mkubwa, alipokuja kutoka Sanya Juu alimtazama mara moja tu.

"Huyu damu imekwisha. Jovin, chinja beberu."

Huku kwetu aliyepungukiwa damu hunyweshwa damu. Nilipika kisusio, supu ya damu na utumbo, siku tano mfululizo. Mama aliinywa yote bila kubisha. Beberu akaisha, weupe ukabaki.

Zahanati wakampa vidonge vidogo vya njano vya kuongeza damu, foliki. Mwezi haukuisha akarudi bandani kukamua. Macho yakatakata.

"Mama, sasa utanishinda mbio," Jovin akasema.

Lakini mimi niliona anashika mgomba mmoja baada ya mwingine akienda bandani, na jua likizama hakutoka nje kabisa. Jumapili moja alipepesuka kwenye ngazi za kanisa. Jirani yetu Eunike akaangua kicheko.

"Mama Thadeus! Mbege yako inaiva kabla ya misa?"

"Nimeimaliza mwenyewe. Wewe usingepata hata povu."

Wakacheka wote. Njiani akanishika mkono kwa nguvu. Hakuwa ameonja hiyo pombe ya ndizi tangu Krismasi.

Jovin akatupeleka hospitali mjini Moshi, ahakikishe kama damu imetimia. Yeye alisubiri nje. Daktari, dada mmoja mpole, alisoma karatasi ya majibu ya damu, akatabasamu.

"Damu imepanda vizuri, Mama. Kuna shida nyingine?"

"Hakuna, daktari. Namshukuru Mungu."

Akasimama, akaegemea meza, akaelekea mlangoni. Kiatu chake cha kushoto kikabaki chini ya kiti.

Nilikitazama kile kiatu. Nikisema, nimemwaibisha mama wa mume wangu mbele ya mgeni. Nisiposema, tutarudi Uru, na iko siku miguu itagoma kabisa.

"Daktari." Sauti ilitoka ndogo. "Kiatu kimemvuka. Huwa hajui."

Mama aligeuka, akanitazama. Sikuinua uso.

Daktari alimrudisha kitini, akamwambia afumbe macho, akamgusa vidole vya miguu kwa pamba.

"Nimegusa?"

"Bado."

Alikuwa amegusa mara nne.

Akamtoa damu tena, akatuma itazamwe kwa darubini. Jibu liliporudi alitueleza polepole. Kabla ya vidonge, chembe za damu za Mama zilikuwa zinatoka kubwa lakini chache, hazijakomaa, na dalili zake bado zilionekana. Ziko vitamini mbili zinazozikomaza. Vidonge vilileta moja, kwa hiyo damu ikaonekana imepona. Ya pili, B12, ndiyo inayolinda pia mishipa ya fahamu.

"Na hiyo tumbo lako haliichukui tena, Mama, hata ule beberu mzima."

"Nimeshamla mzima," Mama akasema.

Alianza sindano siku ileile. Kila siku, halafu kila wiki, halafu kila mwezi mpaka leo.  Kahawa ilipochanua nilimsikia akiniita mferejini.

"Kornelia! Kokoto zinaniuma!"

Alisema kama anayetangaza harusi.

Watu wanasema nilinyamaza miezi ile yote kwa heshima, na mwenyewe anaamini hivyo. Sijawahi kumkanusha mtu. Ukweli ni kwamba kabla miguu haijafa ganzi Mama hakuwahi kunigusa. Ilipoanza kumwangusha alinishika mkono, asubuhi na jioni, na nilijua akipona atauachia.

Aliuachia.