Maua Anayoyaona Mama Mkwe

Muuguzi aliyapanda maua yale kwa uvivu, na wala hakuona haya kulisema. Mbele ya nyumba yao palikuwa na mteremko ambao mvua ikinyesha ulishusha tope hadi mlangoni, na isiponyesha uliota magugu. Mwenzake wa kliniki, ambaye watoto wote wa chanjo walimjua kwa jina la Bi Sindano, alimletea mfuko wa vipande vya mmea mfupi wenye majani madogo, manene.

"Chomeka tu, uende zako," alimwambia. "Hayataki mbolea, hayataki maji mengi. Yanatambaa yenyewe. Yakishafunika udongo, magugu hayana pa kuota."

Yakatambaa kweli. Miezi miwili haikuisha, mteremko wote ulikuwa mkeka wa kijani, na tope likakoma. Kilichokosekana ni maua. Muuguzi alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akarudi saa kumi na moja jioni, na kila siku alikuta vitumba vimejifunga kama ngumi za watoto wachanga. Jumapili, siku yake pekee ya mapumziko, alishinda kwa mama yake mzazi upande wa pili wa mji, akimfulia na kumpikia. Akajisemea amepewa mmea tasa, lakini tope limekwisha, anataka nini zaidi?

Shida ilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe aliishi nao tangu nyonga ilipomharibikia. Alishinda kwenye kiti cha dirishani akitazama nje, maana kutazama ndiyo kazi iliyombakia. Jioni, muuguzi akiingia, kabla hata hajavua viatu, mzee alikuwa keshaanza. "Mkwe wangu, leo maua yako yamependeza! Mekundu, ya manjano, meupe, na yale ya waridi."

Muuguzi aligeuka, akaona kijani kitupu. "Ndiyo, mama," alijibu, kwa ile sauti tunayowajibia watoto na wagonjwa.

Hilo lingevumilika. Kuona maua si kosa. Lakini lilikuwapo la pili. "Na mume wako ameanguka tena, palepale kwenye maua. Ameanguka, akatetemeka, kisha akalala."

Mume alikuwa dereva wa basi la shule. Asubuhi aliwapeleka watoto thelathini na wawili, saa sita mchana aliegesha basi nje ya geti, akala na kujinyoosha kidogo, na saa nane akaenda kuwachukua. Muuguzi alipomuuliza mara ya kwanza, dereva alicheka hadi akaweka kijiko chini.

"Mama anakumbuka nilivyokuwa mtoto. Nilikuwa naanguka kwenye mpera kila siku."

"Na haya maua anayosema?"

"Maua gani? Wewe umeyaona?"

"Mimi sijayaona."

"Basi ndiyo hivyo. Uzee huo, mke wangu. Tumvumilie."

Kwa kuwa ni muuguzi, hakuishia kuvumilia. Alichukua daftari, akakaa mbele ya mama mkwe, akamuuliza maswali wanayoulizwa wazee ili kujua kama akili zimo. Leo ni siku gani? Mwezi gani? Umekula nini asubuhi? Mzee alijibu yote bila kukosea. Kisha muuguzi akauliza kwa upole, "Na maua, mama, yana rangi ngapi?" Mzee akajibu, "Nne." Muuguzi akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Anaona maua yasiyokuwapo.*

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyomshinda mzee wa watu. Ilisomwa kwenye simu kwa wifi, aliyeishi mwendo wa siku nzima kutoka pale, mwenye nyumba kubwa na msichana wa kazi. Wakakubaliana watatu: Jumamosi wifi aje amchukue mama. Dereva alikubali upesi kuliko wote. Mama mkwe alilia. "Mkinipeleka huko, nani atamwangalia mwanangu?" Wakatazamana, wakatikisa vichwa, maana hata hilo lilionekana dalili.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, akina mama walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi ya kliniki, watoto mapajani. Bi Sindano alikuwa akipanga pamba kwenye sinia.

"Maua yangu vipi? Hata asante sijasikia."

"Maua yapi? Umenipa mmea tasa, shoga. Sijaona hata moja."

"Tasa?" Bi Sindano aliacha pamba. "Wewe unarudi nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Bi Sindano alicheka kicheko kilichowaliza watoto wawili kabla hajawagusa. "Utayaonea wapi? Yale ni maua ya jua! Yanafunguka saa nne, saa tisa yameshalala. Wenzako wa nyumbani hawajakwambia?"

Muuguzi akakumbuka. Mwenzake wa nyumbani alikuwa amemwambia, kila jioni, kwa mwezi mzima. Rangi nne. Kisha wazo la pili likaja nyuma ya lile la kwanza. Dereva hurudi nyumbani saa sita kila siku. Kutoka getini hadi mlangoni hakuna njia nyingine, anapita katikati ya maua yaliyofunguka. *Maua gani? Wewe umeyaona?*

Akaomba ruhusa, akapanda pikipiki, na safari nzima alijiambia kwamba wanaume hawaangalii maua, si wote, wengine hata pazia likibadilishwa hawajui.

Basi la njano lilikuwa nje ya geti. Muuguzi akasukuma geti, akasimama.

Mteremko ulikuwa umewaka. Mekundu, ya manjano, meupe, ya waridi, yamebanana hadi kijani hakionekani, nyuki wakivuma juu yake. Hata mwanamume aliyefumba macho angeyaona. Na katikati ya rangi zile, kando ya njia, palikuwa na mahali palipolala chini, urefu wa mtu mzima. Mashina yamevunjika, utomvu bado mbichi. Upande mmoja mimea imechimbuliwa na kisigino kilichopiga na kupiga. Kando yake, juu ya maua, ufunguo wa basi.

Aliuokota ufunguo bila kujua kwamba ameinama.

Dereva alikuwa bombani, ananawa uso. Alipomwona alishtuka, kisha akatabasamu. "Mbona mapema leo? Kuna nini?" Akageuka kufunga bomba. Mgongoni, kwenye shati lake jeupe la kazi, petali zilikuwa zimegandamana, nyekundu na za manjano, kuanzia mabegani hadi kiunoni.

"Umeanguka," muuguzi alisema.

"Nani? Niliteleza tu hapo."

"Leo amechelewa kuamka," sauti ya mama mkwe ilitoka dirishani, tulivu kabisa. "Nimehesabu mia mbili na kumi ndipo akafumbua macho. Juzi ilikuwa mia na ishirini."

Muuguzi alimtazama mzee. Mwezi mzima, mtu aliyeambiwa akili zimemtoka alikuwa akihesabu.

"Nipe ufunguo," dereva alisema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Watoto wanatoka saa nane. Nipe. Wakijua, kazi sina. Nitafanya nini mimi? Hii ndiyo kazi ninayoijua."

"Watoto thelathini na wawili!"

"Haijawahi kunipata barabarani. Hata siku moja."

"Na ulimwacha mama aonekane mwendawazimu." Muuguzi alisikia sauti yake inapanda, hakuizuia. "Umeyaona maua haya kila siku. Umeyalalia! Ukaniuliza kama mimi nimeyaona. Wewe ungekosa kazi, ukaona bora mama akose akili!"

Dereva alikaa chini kwenye ukingo wa bomba, akaficha uso kwa viganja vilivyolowa, mabega yakatikisika. Muuguzi alimhurumia, na hapohapo alitaka kumpiga kofi. Hakumfariji wala hakumpiga. Alitoka getini, akasoma namba ya simu iliyoandikwa ubavuni mwa basi, akaipigia shule. Aliwaambia watafute dereva mwingine wa leo na wa Jumatatu, na sababu akaitaja kwa jina lake la kitabibu ili asije mtu akaifanyia mzaha.

Kisha akaingia ndani. Begi la mama mkwe lilikuwa mlangoni, limefungwa na muuguzi mwenyewe tangu jana. Akalisogeza kwa mguu, akapiga magoti mbele ya kiti cha dirishani.

"Mama, nisamehe."

Mzee alimgeukia. "Umeyaona?"

"Nimeyaona, mama."

"Rangi ngapi?"

"Nne."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Umekula nini asubuhi?"

"Chai tu, mama."

"Vizuri. Akili zako zimo." Mzee hakucheka alipolisema, na muuguzi akainamisha kichwa kwa aibu.

Alilifungua daftari. Sentensi yake ilikuwa palepale, kwa mwandiko mzuri. Akaikata kwa mistari miwili, akageuza ukurasa, akauliza swali ambalo humuuliza kila mgonjwa anayeingia mlangoni kwake, na ambalo kwa mwezi mzima hakuona haja ya kumuuliza mama huyu.

"Imeanza lini, mama?"

"Kabla maua hayajachanua," mama mkwe alisema, macho yake yakiwa kwa mwanawe, ambaye bado alikuwa amekaa bombani na petali mgongoni. "Andika. Ya kwanza ilikuwa siku ya mvua, nilihesabu hamsini."