Pua ya Hashimu

Kwenye gereji yetu ya Buguruni, hakuna tenki la pikipiki linaloguswa na moto kabla mume wangu hajalinusa. Sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya fundi wa uwanja wa jirani kuungua, na mafundi wote waliikubali, hata wale wabishi wasiokubali kitu. Nasema gereji yetu kwa mazoea tu. Mimi nauza chai na chapati kwenye kibanda cha kona, na Hashimu ana benchi lake chini ya bati, hatua ishirini kutoka kwangu. Anachofanya nakiona. Ninachosema anakisikia, na asiposikia ujue amejitia uziwi.

Kazi yake ni kumwaga mafuta na kukausha matenki. Watu huiona kazi ndogo, kumbe hawajamwona akiifanya. Pikipiki ikiletwa, kwanza anachomoa waya wa betri. Anaisogeza nje ya bati penye upepo, na mwenye sigara anafukuzwa na matusi juu. Anafunga koki, anachomoa mpira, anayafungulia mafuta taratibu yaingie kwenye dumu la chuma, halafu dumu linafunikwa na kupelekwa mbali kabisa. Tenki analivua, analiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, analitikisa na kokoto ndani ili kutu itoke, analisuuza. Mara tatu. Kisha analilaza juu ya matofali, mdomo chini, siku mbili juani. Ukimwambia petroli si imeshaisha, anakasirika. "Petroli yenyewe unaiona," anasema. "Mvuke wake huuoni, na huo ndio unaoua." Siku ya tatu anapeleka pua kwenye mdomo wa tenki, anafumba macho, anavuta. Akitikisa kichwa, tenki linarudi kwenye maji. Akisema "Limekauka," Tarsis anawasha gesi yake.

Tarsis ndiye fundi wetu wa kuchomelea. Mtu wa Rombo, pande la mtu, na hajui kununa. Mkewe Nice anauza mitumba Ilala, na wana watoto wawili. Moshi wa miaka mingi umemmaliza pua, na mikono yake inanuka petroli hata akienda kanisani. "Mimi sina pua, mama," huniambia akicheka. "Pua yangu ni mzee."

Sasa mwezi wa nne Hashimu aliugua mafua yaliyomlaza wiki mbili. Alipoinuka nilishukuru, nikarudi kwenye chapati zangu. Jioni moja nimefika nyumbani, harufu ya gesi nimeipata tangu mlangoni kwa jirani. Mtungi wetu ulikuwa unavuja. Ndani, umeme umekatika, mume wangu amekaa kitandani na kiredio chake, mshumaa mkono huu, kiberiti mkono huu. Nilimnyang'anya kile kiberiti nikamtukana tusi ambalo sitalirudia hapa.

"Hivi husikii harufu?" nikamfokea.

"Harufu ya nini?" akauliza.

Nilipokwisha kufungua madirisha nilimletea kitunguu. Nikamletea mafuta ya taa, nikamletea udi. Hakupata kitu. Mzee wa miaka sitini na tatu akalia mbele yangu, na kiredio kinaendelea kusoma matangazo ya vifo.

"Moza," akasema, "mikono inatetemeka. Spana ndogo sizioni tena. Pale ninaheshimiwa kwa pua tu. Usinivue nguo mbele ya watu."

Nikaapa. Nimelelewa kwamba ya chumbani hayatoki mlangoni. Bibi yangu aliishi na mume asiyefanya kazi miaka arobaini, na hakuna jirani aliyewahi kujua nani anamlisha nani. Halafu niliona Hashimu hana nia mbaya. Kuosha mara tatu akakufanya mara tano. Siku mbili za jua akazifanya nne. Kule kunusa kukabaki kuigiza tu. Kila siku nilimwambia, "Waambie, baba Shamsa," naye kila siku ananijibu wiki ijayo. Lakini matenki yalikuwa yanaungwa, hakuna anayeungua, na mimi nikazoea. Naisema wazi: nilizoea.

Ndipo ukaja mgao wa maji. Siku ya sita Buguruni nzima madumu yamelala chini, na ndoo niliyokuwa nayo ya kupikia chai niliisubiri foleni tangu alfajiri. Kasmir akafika siku hiyo. Ni mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki Kariakoo, mteja wa zamani, mtu wa haraka. Alibeba tenki la pikipiki yake ya mizigo kwenye kiroba.

"Limetoboka hapa chini, mzee wangu," akamwambia Hashimu. "Nimelimwaga na kuliosha mwenyewe, nikalianika juu ya ghorofa pale Mchafukoge. Kavu kabisa. Kwenu ni hicho kitundu tu."

"Hapa tunaosha wenyewe," Hashimu akasema.

"Kwa maji yapi, mzee?"

Watu wakacheka. Tarsis naye akacheka, akasema, "Linuse tu, mzee. Likigoma, atarudi nalo Kariakoo."

Hayo yalikuwa maneno ya haki, na yalimfunga Hashimu pande zote. Nililiacha donge la unga mezani. Nikamkazia macho mume wangu, nikimwomba kimoyomoyo: tikisa kichwa. Basi. Hakuna atakayekuuliza kwa nini. Kasmir atanung'unika kidogo, atabeba kiroba chake, maji yatatoka kesho kutwa. Kutikisa kichwa tu, Hashimu.

Alilishika lile tenki, akafumba macho, akavuta. Alikaa nalo muda mrefu kuliko siku zote. Aliyekuwa mgeni pale angesema huyu ni bingwa. Mimi nilijua anatafuta harufu na haipati, na tenki lililokauka nalo ndivyo linavyokuwa, halina harufu. Sijui kama alijidanganya au aliwaogopa wale watu waliomzunguka. Mpaka leo sijamuuliza.

"Limekauka," akasema.

Tarsis akalipokea. Nikaita kwa sauti kubwa, "Tarsis! Njoo unywe chai kwanza!"

Akaja, maana chai hakatai. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kaa."

"Sikai, Kasmir ana haraka." Akashika kikombe, amesimama. Nikamwambia, "Lile tenki lijaze maji kabla hujalichoma. Acha nafasi pale kwenye tundu tu."

"Maji yako wapi, mama?"

"Chukua ndoo yangu."

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akadhani nimepata homa. "Ndoo ya chai? Wewe jana ulimfukuza mtu aliyeomba ya kunawa."

"Nimekwambia chukua."

Akainama, akateremsha sauti ili Hashimu asisikie. "Mama, mzee ameshasema limekauka. Nikilijaza maji mbele ya watu, nitakuwa nimemwambia nini? Kwamba simwamini? Yule ni kama baba yangu. Siwezi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: mume wangu hanusi. Tarsis alikuwa mbele yangu, pua yangu na yake hatua moja, na hakuna mwingine ambaye angesikia. Nikainua macho, nikamwona Hashimu kwenye benchi lake ananitazama. Hakutikisa kichwa wala hakunikonyeza. Alinitazama vile alivyonitazama siku ile ya mshumaa. Nikasema, "Basi angalia, baba." Maneno ya bure kabisa. Tarsis akarudisha kikombe, akasema asante, akaenda.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukwenda kulinusa mwenyewe? Nilifikiria. Nilitoka kabisa kibandani, na unga mikononi, nikapiga hatua nne au tano. Mke anayeinama kunusa tenki ambalo mumewe ameshalinusa, mbele ya mafundi kumi na wawili, amekwisha kusema kila kitu. Nikasimama katikati ya uwanja. Bado nilikuwa nimesimama pale Tarsis alipovaa miwani na kuwasha gesi.

Haukuwa mlipuko kama wa kwenye sinema. Ulikuwa kishindo kimoja kifupi, mtu angedhani tairi la lori limepasuka. Tenki liliruka likagonga bati. Tarsis alikuwa amekaa chini ameshika uso, na mikono aliyoshikia uso ndiyo iliyokuwa inawaka. Hashimu ndiye aliyefika wa kwanza. Alivua koti lake akamfunika, akamkumbatia, akaungua naye vidole. Mimi nilikwenda kuchukua ndoo. Maji yale yale, nikammwagia yote.

Kasmir alikuwa anasema peke yake. Tukamwelewa baadaye. Baada ya kuliosha na kulianika, asubuhi ile kabla ya kuja kwetu alilisuuza kwa petroli kidogo akaimwaga, lisishike kutu njiani. "Si ndivyo mafundi mnavyofanya?" akawa anauliza kila mtu. Na kweli ndivyo wanavyofanya, tenki likiwa linarudi kwenye pikipiki. Si likiwa linakwenda kwenye moto. Nani angemweleza muuza mabeseni tofauti hiyo? Harufu ilikuwa imejaa tele mle ndani. Mtoto mdogo angeisikia.

Na hakuna aliyemlaumu Hashimu. Hilo ndilo linalonimaliza. Mafundi wote walisema mzee alinusa, tulimwona kwa macho yetu, alinusa sana. Wakakubaliana kwamba mvuke ulijificha kwenye kona ya tenki, kwamba ni bahati mbaya, kwamba ya Mungu hayazuiliki. Wakamchangia Tarsis, na mchango ukawekwa mikononi mwa Hashimu aupeleke hospitali, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Siku ya nane waliruhusu watu kumwona. Hashimu alifika hadi kwenye korido ya wodi, akakaa kwenye benchi na ile bahasha, akasema miguu imekataa. Nikaingia peke yangu. Nice alikuwa pembeni ya kitanda, akaniamkia, akanipa kiti chake, akatoka kufuata dawa. Tarsis amefungwa bandeji kichwa chote, kumebaki mdomo na tundu za pua. Mikono imefungwa hadi kwenye viwiko. Jicho moja madaktari wana matumaini nalo. La pili hawalisemi.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, mama Shamsa."

"Shikamoo mama."

Nikashindwa kuitikia. Nilikuja nimeshaamua. Kwenye njia nzima kutoka Buguruni nilikuwa nayapanga yale maneno matatu, na sasa hakukuwa na mtu kati yetu, Hashimu hanioni, hanitazami. Nikasema, "Tarsis, kuna kitu nataka nikwambie."

"Najua," akasema.

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Nimesikia mzee haji gereji," akaendelea. Alikuwa anaongea polepole, midomo inamuuma. "Wameniambia hata chakula hali. Mama, mwambie kosa ni langu. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, mimi ndiye niliyelichafua tenki. Mzee alinusa sawasawa. Miaka tisa ananinusia, sijawahi kuungua hata ukucha."

"Tarsis..."

"Mwambie arudi. Asiwaachie wale vijana wanuse wenyewe, wataumia. Niahidi utamwambia."

Alikuwa ameinua ile mikono iliyofungwa, anaitafuta mikono yangu hewani, haioni ilipo. Nikainama nikaishika kwenye bandeji, taratibu nisimuumize.

"Nitamwambia," nikasema.

Nilipotoka, Hashimu alisimama kwenye benchi. Bahasha ilikuwa imelowa jasho. "Kasemaje?" akauliza.

Nikamwambia yote, neno kwa neno, sikupunguza. Kwamba kosa ni la Tarsis. Kwamba yeye alinusa sawasawa. Kwamba arudi, vijana wanamsubiri. Alikaa tena taratibu, akaishika bahasha kwa mikono miwili. Nikakaa pembeni yake. Watu walikuwa wanapita na ndizi na chupa za chai, na mimi nilikuwa nasikia harufu ya dawa, ya vidonda, ya sabuni ya kudekia, zote.