Mahali Palipoandikwa Baba

Mdogo wangu wa kike ameandika riwaya kuhusu familia yetu, na mimi simo.

Nalisema hili mapema ili usije ukajisumbua kunitafuta kama nilivyojitafuta mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mstari, maana shule niliiacha mapema na macho yangu nikiyaachia huruka mistari. Nyumba yetu imo. Mlango wa jikoni unaokwama wakati wa mvua umo. Mama yumo, na ile sauti yake ya kuita watu kama anafukuza kuku. Mdogo wangu mwenyewe yumo, tena ndiye anayesimulia. Na baba yumo, baba yuleyule aliyetoka asubuhi moja kwenda kutafuta kazi, na nadhani mpaka leo bado anaitafuta.

Kitabu kililetwa kwenye bahasha ya kaki, nakala moja, ndani kimeandikwa kwa kalamu kwamba ni cha mama. Lakini mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Alikishika, akakinusa, akapapasa jalada kama anayechagua kitambaa.

"Nisomee," akaniambia.

"Si umsubiri mwenye kitabu aje akusomee?"

"Mwenye kitabu kashaandika. Wewe fanya hiyo iliyobaki. Au herufi umezisahau?"

Mimi ni fundi makochi. Kazi naifanyia hapohapo kibarazani kwa mama, kwenye sponji, mbao na vumbi la viti vya watu. Basi kila alasiri nilikuwa naweka nyundo chini, naketi kwenye kochi la mteja lililokwisha, mama anavuta kiti chake karibu, na mimi nasoma.

Sura za mwanzo zilikwenda vizuri. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo ni mimi. Kanipatia, mtoto mshenzi huyu." Mimi nilikuwa nasubiri kaka aingie. Sura ya kwanza hakuingia. Ya pili hakuingia, wala baba hakuingia. Nikajiambia pengine waandishi humchelewesha mtu muhimu makusudi, kama wafanyavyo kwenye sinema.

Tukafika sura ya mafuriko.

Mafuriko yale nayajua. Mdogo wangu alikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na barabara ya kwenda shule ilikuwa imegeuka mto, unapita na ndoo za watu na mabati. Baba alishaondoka zamani. Mimi nilishaacha shule, napiga misumari kwenye karakana ya mtu. Asubuhi ile nilimpandisha mdogo wangu mgongoni, nikafunga kamba za viatu vyake pamoja, nikaviuma kwa meno visilowe, nikaingia majini. Maji yalinifika kifuani. Alifanya mtihani wake kwa viatu vikavu. Mtihani huo ndio uliomfikisha huko alikofika, mpaka akaandika kitabu.

Sasa nikaweka kidole kwenye mstari, nikaona imeandikwa hivi: Baba alinipandisha mgongoni, akavibana viatu vyangu kwa meno.

Kidole kikabaki hapohapo. Unaweza kumpa mtu mgongo wako. Lakini mpaka meno?

"Mbona umekata?" mama akauliza. "Nani kamvusha?"

"Kaka," nikasema.

Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe. Nikarudia mstari mzima, nikisoma kwa sauti kavu kama mtangazaji wa taarifa ya habari: "Kaka alinipandisha mgongoni, akavibana viatu vyangu kwa meno."

Mama akashusha pumzi. "Kweli kabisa. Ulirudi umelowa mpaka nywele. Kumbe mtoto anakumbuka."

Tangu hapo kila palipoandikwa baba nilisoma kaka. Mambo mengine yalikuwa yangu kweli, kama kuziba paa kwa lami iliyochomwa kwenye kopo. Mengine mdogo wangu aliyatunga tu, na hayo nayo niliyabeba. Nani angeyadai?

"Hii ya kumwimbia usiku alale siikumbuki," mama alisema siku moja. "Wewe huimbi."

"Ni riwaya, mama."

"Sauti yako hiyo ingemwamsha."

"Kwenye riwaya naimba vizuri."

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambapo baba anamkumbatia mama jikoni kwa nyuma na kumnong'oneza. Huo niliuruka. Nikamwambia mama hapo wamekosea kuchapa, wino umevujiana.

Nilifurahi siku zile, sitaki kudanganya. Mama aliwasimulia majirani. Mshonaji wa nyumba ya pili alipita na mtoto kiunoni, akanitazama nikiwa nimeuma misumari, akasema, "Shikamoo shujaa. Tunasikia humo kitabuni umemaliza kila kitu, umewaachia wenzio nini?" Nikamwambia aendelee na safari yake. Lakini kazi yangu siku hiyo ilinyooka.

Halafu asubuhi moja nikafungua mbele kidogo, nijiandae na maneno magumu. Sura ya kabla ya mwisho, baba anaugua. Sura ya mwisho, baba anakufa, na mama anatupa udongo wa kwanza kaburini.

Nilikaa nacho mkononi mpaka gundi ikanikaukia kwenye kopo. Nikiendelea na kaka, mama atamzika mwanawe huku mwanawe huyohuyo anamsomea mazishi. Nikimrudisha baba, mama atauliza katokea wapi, kaingia nyumbani lini, kapewa chakula na nani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kama atakuwa ameketi kwenye kochi la mteja.

Basi nikaanza visingizio. Leo kazi nyingi. Kesho kichwa kinauma. Siku nyingine nikasema sikioni kitabu.

"Kitabu hakina miguu," mama akasema. "Kitafute."

Wakati nikitafuta kitu nilichokuwa nimekificha mwenyewe chini ya sponji, mdogo wangu akaja kutusalimia. Alishuka na begi dogo, kapendeza, akanipa shikamoo na kunikumbatia hivyohivyo na vumbi langu. Mama alikuwa ndani anaoga. Nikaona ndiyo nafasi.

"Mbona simo?" nikamuuliza.

Hakujifanya haelewi. Hilo nampa. Aliketi kwenye mkono wa kochi nililokuwa nalivua kitambaa.

"Umo, kaka. Uko ndani ya baba."

"Ndani ya baba ndiyo wapi?"

"Mhariri alisema kaka na baba wanafanya kazi ileile moja, msomaji atachoka. Nibakize mmoja."

"Ukambakiza aliyekimbia."

"Nilitaka nipate baba." Alikuwa anachezea uzi uliotokeza kwenye kochi. "Hata wa karatasi. Wewe nilikuwa nawe siku zote, kaka. Ningekutunga wa nini?"

"Ningekuwa nimekufa ungenikumbuka."

"Usiseme hivyo."

"Kwani uongo? Shukrani ya punda ni mateke, najua. Lakini anayepigwa mateke huwa hafutwi."

Alitaka kujibu, ila mama alishatoka bafuni, kasikia sauti. Walikumbatiana, wakalia kidogo, wakachekana. Kisha mama akasema neno nililokuwa naliogopa.

"Njoo unimalizie kitabu chako. Kaka yako kanitelekeza njiani. Kinakaribia mwisho, nataka kujua wanafikia wapi."

"Apumzike kwanza," nikasema. "Katoka safari."

"Kusoma si kulima. Lete kitabu. Najua kiko kwenye masponji yako, nilisikia ukikitumbukiza."

Nikakitoa. Mdogo wangu akafungua nilipokunja ukurasa, akakohoa kidogo kama watu wanaosoma mbele za watu, akaanza: "Baba hakuamka siku hiyo..."

"Baba gani?" mama akauliza.

"Baba, mama."

"Humu hamna baba. Mna kaka."

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama nyundo.

"Mama, umesomewa nini?"

Mama akamweleza yote, kwa mpangilio, hakuacha kitu, maana asiyeona vizuri hushika kwa masikio. Kaka na viatu. Kaka na lami. Kaka na nyimbo zake. Mdogo wangu alikuwa anafunua kurasa kufuatisha, na kadiri mama alivyosema ndivyo midomo yake ilivyozidi kubana. Mama alipofika mwisho, mdogo wangu akakilaza kitabu mapajani.

"Umenibadilishia kitabu," akaniambia.

"Wewe ulianza."

"Miaka nimekaa na kitabu hiki. Kila neno nimelipima."

"Na mimi nimelibeba, si kulipima. Mgongo huu."

"Nyamazeni," mama akasema. Hakupandisha sauti, na mama asipopandisha sauti ni vibaya zaidi. "Mmoja kamrudisha mume wangu nyumbani bila kuniuliza. Mwingine kamtoa tena bila kuniambia. Nyumba yangu mmeifanya stendi?"

Mama alikuwa ameelekeza uso kwenye mwanga wa mlangoni, anafikiri.

"Na ule ukurasa uliokosewa kuchapwa?"

Mdogo wangu akaufunua, akausoma kimoyomoyo, akanitupia jicho. "Haujakosewa, mama. Hapo baba anakukumbatia jikoni."

"Lini huyo alinikumbatia jikoni?"

"Hakukukumbatia. Nimetunga."

"Najua hakunikumbatia. Nisomee."

Akasoma. Ni ukurasa mfupi. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani, na ulipokwisha akajifuta pua kwa ukingo wa kanga.

"Sasa nirudishie ule wa maji," akasema. "Kama ulivyoandikwa."

Hapo nilisimama. "Mama, unajua nani alimvusha. Ulinikausha kwa mikono yako."

"Nilikukausha."

"Basi unataka kusikia uongo wa nini?"

"Mwanangu, wewe ulishafanya kazi yako. Baba yenu ndiye ambaye hajafanya yake. Acha nimsikie akiifanya mara moja kabla sijafa, itakupunguzia nini?"

Itanipunguzia nini. Nilikuwa na majibu ya kujaza kitabu kingine, lakini mimi si mtu wa vitabu, na mama alishageuza sikio kwa bintiye. Nikamwambia mdogo wangu, "Siku watakapochapa tena, andika kaka." Akasema angejaribu kuongea nao. Akalisema kwa upole, kama wateja wangu wanaposema watapita kesho.

"Keti basi," mama akasema, "unaniziba mwanga."

Nikaketi. Mdogo wangu akatafuta sura ile, akakohoa, akaanza. Anasoma vizuri, lazima nikubali. Akamwingiza baba majini asubuhi ile. Baba mwenyewe, na suruali kaikunja, na mtoto mgongoni.

"Maji yalimfika kiunoni," akasoma.

"Kifuani," nikasema.

"Baba alikuwa mrefu."

"Acha asome," mama akasema, na kwenye uso wake kulikuwa na raha ambayo sikumbuki kama niliwahi kuileta mimi.

Akaendelea. Baba akavuka. Akapita kwenye ndoo na mabati, akafika ng'ambo, akamshusha mtoto wake kwenye ngazi ya shule na kuvitoa viatu mdomoni, vikavu. Mama akaguna polepole, kama mtu aliyekunwa mahali asipofika. Mimi nilikuwa nimeuma meno mpaka taya likaniuma.