Beno Ajibu kwa Namba

Somo la pili la C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, lilianza saa nne asubuhi, ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya vitenge, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Mwalimu Ummy aliandika ubaoni: printf inasema, scanf inasikiliza. Severa akanakili, kisha akatengeneza programu ya kumuuliza mtu jina na kumkaribisha.

Kazi ya ofisini aliitaka, nani asiyeitaka? Ila alichokifuata hasa ni jengo lenyewe. Mumewe, Beno, alikuwa kibarua wa msingi wake, na siku lilipomwagwa zege hakurudi nyumbani Ilala. Bosi Tarsis, mwenye jengo, akatangaza kwamba Beno katorokea Songea na mwanamke. Majirani wakaafiki, mwenye nguvu mpishe. Severa akakosa mume, akakosa na matanga.

Programu ikauliza: Jina lako nani? Severa hajagusa kitu, vitufe vikabonyea vyenyewe, vikibaki na saruji mbichi. Skrini ikaandika: Karibu, Beno.

"Imekubali," mwalimu akasema. "Futa hiyo saruji, dada Severa, itaua kibodi."

Severa akabadilisha swali: Uko wapi? Vitufe vikachapa kwa muda, lakini skrini ikatoa neno moja tu: Chini.

"Kosa la kila anayeanza," mwalimu akasema. "scanf ukiiandika hivyo inakomea kwenye nafasi kati ya maneno. Tumia fgets, inabeba mstari mzima."

Akaitumia. Skrini ikaandika: Chini ya ngazi. Nilipiga kelele, Tarsis akasema mwageni.

Darasa zima lilisoma. Uledi, wa kompyuta ya jirani, akampa pole, akarudi kutafuta mabano aliyosahau kufunga. Severa alilia kwa sauti, na Mungu amsamehe, ndani ya kilio kile alifurahi: kumbe hakuachwa! Sasa watavunja ngazi, atamzika mumewe, atakaa matanga kama wajane wenzake.

Bosi Tarsis akaitwa. Akavuta kiti, akasoma taratibu, akaagiza chai.

"Mwalimu, maneno mengi yanaleta fitina. Wafundishe namba."

Ummy alikuwa amepanga chumba cha darasa kwa bosi, basi akaketi kwenye kompyuta ya Severa na kuiambia programu ipokee tarakimu peke yake. Vitufe vya herufi vikahangaika mpaka adhuhuri. Hakikuingia kitu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Severa akaandika: Umekufa? 1 ndiyo, 0 hapana. Aliitaka ile 1 aipeleke kwa padri, marehemu asomewe misa. Kitufe kimoja kikabonyea.

0

"Alaa! Kumbe mzima!" Tarsis akapiga paja. "Sasa mimi nimemuua nani?"

Kwa kweli hoja yake haikuwa na pa kuishika.

"Mtu hai hafanyiwi matanga, dada," Uledi akasema kwa upole.

"Shemeji, msalimie," Tarsis akasema, akamaliza chai, akashuka kwa ngazi.

Severa akaandika swali jingine: Unaumia? 1 ndiyo, 0 hapana.

1

"Safi kabisa," mwalimu Ummy akasema, akimwekea alama ya vema. "Inapokea, inatoa." Akageuka kufuta ubao, maana somo la tatu lilikuwa la kujumlisha.