Mvua ya Uongo

Kenge jike alitaga mbele ya macho yangu mwezi wa nane, siku mbili baada ya mvua kulainisha udongo. Alipanda kichuguu kilichoko ukingoni mwa msitu, akachimba tangu asubuhi hadi saa nane, akaingiza nusu ya mwili, akatulia. Alipotoka tumbo lilikuwa limelegea. Hakuhangaika kufukia shimo. Mchwa wenyewe walikuja kuziba nyumba yao iliyobomolewa, na kwa kuziba wakayafungia mayai ndani, kwenye joto lisilopanda wala kushuka, mahali ambapo nguchiro hafiki.

Mimi ni Nangila, mtoto wa Mbale. Kazi yangu ni kuwatembeza wanafunzi katika kipande cha msitu kilichobaki nyuma ya kiwanda cha mbao cha Mzee Sukhdev, hapa Jinja, chini ya Kimaka kuelekea mtoni. Nina diploma ya wanyamapori na ninafundisha kwa Kiswahili. Wanafunzi hucheka nikitamka "kenge", maana wamelizoea kama tusi. Nawaambia wanyamaze wamtazame. Ananusa kwa ulimi. Ule ulimi wenye panda mbili unaokota harufu hewani, na panda ya kushoto ikiokota zaidi, anajua mzoga uko kushoto. Anapanda miti, anapiga mbizi, anakula kaa, konokono, hata mayai ya mamba. Ukiitwa kenge, sema asante.

Mwezi wa kumi na mbili lori lilimkanyaga yule jike barabarani. Nilimtambua kwa kidole kilichokatika mguu wa mbele. Tangu siku hiyo nilikwenda kwenye kichuguu kila asubuhi, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Machi ikapita bila mvua. Aprili ikaingia na jua lake. Ijumaa moja Mzee Sukhdev akaja na kamba ya kupimia.

"Binti, Jumatatu tingatinga linaingia. Ghala jipya linaanzia hapa."

"Mzee, humo ndani kuna mayai."

"Ya kuku?"

"Ya kenge. Tangu mwezi wa nane."

Akahesabu kwa vidole. "Miezi minane! Kidogo tu wawe binadamu."

Nilimweleza kwamba watoto wa kenge wakishaanguliwa hungoja mvua ilainishe ukuta ndipo watoke. Mwaka huu mvua haijaja. Nikichimba kwa jembe nitawakata. Aliinama, akaweka kiganja juu ya kichuguu.

"Jumatatu yote ni yako," alisema. "Jumanne asubuhi sitaki kusikia neno kenge."

Hakuwa na sababu ya kunipa hata saa moja. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Siku mbili nilimwaga maji, dumu baada ya dumu. Yaliteleza juu ya udongo ule kama juu ya bati, na palipolowa kidogo mchwa walipaziba. Jumapili jioni nilimpigia simu Shangazi Nabalayo, anayeishi kwetu Mbale chini ya mlima Wanale, si kwa kuomba msaada, kwa kulia tu.

"Ulipiga ngoma?" aliuliza.

"Ngoma ya nini?"

"Kumbe shule ilikula kichwa chako chote. Nakuja."

Kwetu vichuguu vina wenyewe. Shangazi alirithi chake kutoka kwa baba yake, na kila msimu hukipigia vijiti ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha na watoke. Nilikula kumbikumbi hao utoto wangu wote, wala sikuwahi kufikiria kwamba ngoma ile ingemfaa mnyama mwingine.

Alifika Jumatatu kabla ya adhuhuri akiwa na vijiti viwili mkobani. Makokha, dereva wa tingatinga aliyetoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekaa kivulini akingoja kesho yake. Yeye ni Mbukusu. Lugha yao na Lumasaba yetu ni karibu moja, basi wakaelewana mara moja.

"Mayi," Makokha alimwita, yaani mama, "utapiga ngoma mchana huu? Hata wingu hakuna."

"Nyinyi Wabukusu mlihama na ngoma yetu, mkasahau kuipiga. Leta maji."

Akaleta. Shangazi alilaza gogo kavu juu ya kichuguu, akafunika pembeni kwa majani ya mgomba, akaanza. Kwanza tone moja moja. Kisha manyunyu. Kisha mvua kamili, vijiti vikikimbizana hadi nikajikuta natazama juu. Makokha alimwaga maji polepole kwa kufuata mdundo.

"Wewe ulimwaga maji tu," Shangazi aliniambia bila kuacha kupiga. "Mvua ina kelele."

Saa tisa mchwa askari walichomoza vichwa na matundu yakaanza kufunguka. Kumbikumbi wachache wakatoka, mbawa zikimeta. Udongo juu ya chumba cha mayai ukapasuka, ukaanguka donge, na ndani ya ufa nikaona pua nyeusi yenye vidoa vya njano. Ulimi ukatoka, ukaonja hewa, ukarudi.

Wakati huohuo Mzee Sukhdev akatokea kiwandani kwa sauti kubwa. "Nangila! Wametoka?"

Pua ikapotea.

Lazima niseme jambo. Shangazi hasemi Kiswahili; yote aliyosema hadi hapa yalikuwa Lumasaba. Anakichukia. Alikijua siku askari walipoingia kwao, yeye akiwa msichana mdogo, na maneno aliyobaki nayo ni yale waliyomwambia baba yake. Mimi ninayejivunia lugha hii sijawahi kumlaumu, wala yeye hajawahi kunikataza. Lakini Mzee Sukhdev hajui Lumasaba.

Shangazi akageuza shingo, akayatoa maneno yale kama alivyoyasikia.

"Nyamaza! Rala chini!"

Mzee Sukhdev, mwenye kiwanda, mwenye kilemba cheupe, akalala chini. Makokha naye, dumu mkononi. Hata mimi nililala. Vijiti havikusimama.

Tulilala kifudifudi kwenye tope, na watoto wa kenge wakatoka. Walikuwa wembamba kama penseli, weusi wenye mistari ya njano mbichi kana kwamba wamepakwa sasa hivi. Mmoja alipita juu ya mkono wa Mzee Sukhdev, akasimama kuonja saa yake kwa ulimi, akaendelea. Walikwenda moja kwa moja kwenye matawi yaliyoinamia maji. Nilihesabu kumi na tisa. Sijui kama mchwa ndio waliowafungulia, au ni mtikisiko, au maji yaliyoingia kwenye matundu.

Shangazi aliacha kupiga, akarudisha vijiti mkobani.

"Mama," Mzee Sukhdev alisema, bado chini, "naweza kuamka?"

Nilimtafsiria. Shangazi alimtazama mzee yule mwenye tope hadi ndevuni, akacheka mpaka akakaa. Kisha akanyoosha mkono kumwinua, akatafuta neno, akakosa, akanigeukia.

"Ninyi husemaje kwa Kiswahili mkitaka mtu asimame vizuri, bila kumfokea?"

"Karibu uinuke," nilimwambia.

Akayarudia kwa Mzee Sukhdev, polepole, neno kwa neno.