Disketi Moja na Mpare Mmoja

Elibariki Mbwambo alikuwa mtu mpole katika mambo yote isipokuwa moja. Ukimwambia kwamba kwenye kompyuta za zamani programu za mfumo zilistahili kukaa kwenye disketi, aliweka kijiko chini, akavua miwani, na chakula kikapoa. Kazi yake pale Irving, huko ughaibuni, ilikuwa kuandika programu zinazochomwa ndani ya chipu za mashine za kukagulia mizigo, zisifutike tena. Kwake yeye, programu isiyochomwa kwenye chipu ilikuwa kama mgeni aliyelala sebuleni: huna hakika asubuhi utamkuta.

Rafiki yake Severin Shirima wa mji jirani wa Grand Prairie alishikilia upande wa pili kwa ukaidi uleule.

"Ukishachoma, umekwisha," alikuwa akisema. "Kosa la leo linazeeka pamoja na wewe. Disketi unaitoa, unarekebisha, unairudisha. Lakini Mpare utamwambia nini? Akishaamua jambo lake hata hakimu hambadilishi."

Mchaga na Mpare ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna aliyenuna. Na yangekuwa mambo ya kompyuta tu, wangezeeka wakibishana. Shida ni kwamba Severin alikuwa na dada, Bertila, nesi kule Houston, na Elibariki alikuwa amempenda kiasi cha kusahau anachokula. Severin alilijua hilo. Kwanza alijifanya haoni, kisha akajifanya anaona ila hakubali.

"Nimwoze dada yangu mtu wa chipu?" alisema mbele za watu. "Wajukuu wa mama yangu watazaliwa hawarekebishiki!"

Agosti ya 2018 jambo likaiva. Elibariki tayari alikuwa na kompyuta yake kuukuu, ya zile ambazo kila kitu kimo kwenye chipu. Kule Houston, jirani wa Bertila, mwalimu mstaafu aliyekuwa anahama, akampa Bertila kompyuta ya kizazi hichohicho, ila hii mfumo wake ulikaa kwenye disketi, na disketi yenyewe ilikuwa moja tu. Severin akaitisha nyama choma Jumamosi: mashine zote mbili ziwekwe meza moja, watu waone wenyewe.

"Sasa nani atakwenda kuichukua Hou..."

"Nita-drive mimi," Elibariki alidakia. Yasinta, mke wa Severin, alicheka mpaka akashika mlango.

Bertila naye alikuwa anakuja likizo, basi wakarudi pamoja. Mashine ililala kiti cha nyuma. Disketi Bertila aliiweka juu ya dashibodi, mbele ya kioo, isije ikakaliwa. Njiani, Huntsville, wakasimama kula aiskrimu, wakikusudia kukaa kidogo tu.

"Hivi wewe na kaka mna ugomvi gani?" Bertila aliuliza.

Elibariki akavua miwani, akaanza kueleza habari za chipu.

"Mimi nakuuliza habari zangu, wewe unanijibu za kompyuta?"

Elibariki akairudisha miwani usoni. Kisha, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, akamwambia yote aliyoyaficha tangu Krismasi. Bertila alimsikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu, akaenda kuagiza aiskrimu nyingine.

Waliporudi, gari lilikuwa tanuri. Disketi ilikuwa imepinda kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.

"Umeshinda kesi," Bertila alisema.

Lakini Elibariki hakuona raha yoyote. "Lazima tumwambie Severin."

"Utamwambia tulikuwa tunafanya nini?"

Elibariki akawasha gari.

Jumamosi, Elibariki aliwasha mashine yake mbele ya watu. Kufumba na kufumbua, ikawa tayari. Wakapiga makofi. Severin, kwa madaha ya bwana harusi, akaichukua ile disketi bila kuitazama, aisukume ndani. Haikuingia. Akaigeuza, akaitazama kwa ubavu.

"Mpare! Umeipika?"

"Mimi ndiye niliyeiacha juani, kaka," Bertila alisema. "Tulisimama kula aiskrimu."

"Aiskrimu gani hiyo ya kuyeyusha disketi?"

"Yenye maongezi ndani yake."

Watu wakaangua kicheko. Elibariki aliinamia viatu vyake. Severin akaiwasha mashine hivyohivyo, kwa hasira za utani. Kioo kikang'aa, yakatokea maneno: ingiza disketi ya mfumo.

Elibariki akainua kichwa taratibu. "Subiri. Nani ameiambia iombe disketi?"

Akagonga kioo kwa kidole.

"Disketi imekufa. Lakini mashine imeamka, imejua inachokosa, imekiomba. Ujuzi huo umekaa wapi, mtani?"

Severin alitazama juu, akatazama nyama. "Kwenye chipu," akanong'ona.

"Sema kwa sauti, jirani zetu wa Arlington hawajasikia!"

"Kwenye chipu! Lakini kidogo tu!"

Elibariki hakupata nafasi ya kufaidi ushindi huo. Yasinta alikuwa amekaa kwenye mashine ile nyingine, akiandika jina lake hadi likajaza kioo. Alipofuta herufi moja kwenye mstari wa chini kabisa, mashine ikaganda.

"Shemeji, imekufa na hii."

"Ah, hapo usifute," Elibariki alisema haraka. "Hilo kosa ilitoka nalo kiwandani."

"Basi lirekebishe."

Elibariki akakohoa. "Haiwezekani. Limechomwa."

Severin hakucheka papo hapo. Alivuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu, ndipo akacheka, hadi wageni waliokuwa uani wakaja kuuliza kuna nini.

Baadaye wawili hao walisimama penye jiko wakigeuza mbavu.

"Kwa hiyo chipu iiamshe mashine tu," Severin alisema, "mengine yaje na disketi."

"Mashine yako ilitengenezwa hivyohivyo."

"Waliozitengeneza wangetuuliza mapema, wasingehangaika." Akageuza ubavu mmoja. "Na dada yangu alikujibu nini huko Huntsville?"

"Hakujibu. Aliagiza aiskrimu ya pili."

Severin akaacha kugeuza. "Ya pili? Bertila hamalizi hata ya kwanza. Tafuta mshenga, bwana, usinipotezee muda."

Oktoba, mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale huko Fort Worth aliwanakilia disketi nyingine. Severin aliiingiza, mashine ikanguruma, ikafunguka vizuri kabisa. Akakaa mbele yake, vidole juu ya vitufe, akatafuta la kufanya nayo, akakosa. Alimgeukia Elibariki, naye Elibariki akainua mabega. Yasinta akawaita mezani, kwa kuwa mshenga alikuwa amekwishafika na chai inapoa.